Hakucheka Tena Maishani Mwake

Eastleigh, Nairobi
11 Januari 2024

Eddo Hawo, shangazi yangu wa pekee,

Assalamu alaykum wewe, Mzee Warsame, na kila mwenye pumzi ndani ya ua wenu, ngamia wakiwemo. Huku tu wazima. Mke wangu amejifungua mtoto wa kike, mnene, hataki kulala, na mama mkwe amehamia kwetu rasmi. Nilijaribu kuwapigia simu nikachoka. Naambiwa mlingoti wa Hulugho bado umekufa, basi naandika, tena kwa Kiswahili, maana Kisomali changu cha kuandika ungekicheka mpaka ukae chini.

Kitabu kimetoka, Eddo! *Maji ya Mpakani*. Nakala yako nimeipitishia dukani kwa Baba pale Iftin, Garissa, atampa dereva wa kwanza anayeelekea kwenu. Nilikuahidi kwamba hakitakuwa kitabu cha maprofesa. Ni historia ya watu wetu ya kusomwa na mtu yeyote, awe muuza nyama wa Kisumu au mwalimu wa Tanga. Na watu wanakisoma, wallahi. Nimeona mama mmoja anakisoma kwenye foleni ya benki.

Nusu ya kitabu ni mdomo wako. Sura ya saba, ile ya vita vya kisima cha El Qoryo na msichana aliyetolewa kumaliza damu, ndiyo wanayoizungumzia zaidi. Nimeandika wazi kwamba ni kama nilivyosimuliwa na shangazi yangu wa Hulugho. Ujione, umekuwa mtu mashuhuri.

Nisalimie Kaaha.

Mwanao,
Abdisamad


Hulugho
9 Februari 2024

Abdisamad,

Waalaykum salaam. Mashallah kwa mtoto, Mungu amkuze. Mama mkwe mvumilie, na wewe ulikuwa hulali hivyo hivyo, muulize baba yako. Sisi tupo. Mvua za mwisho wa mwaka zilituharibia zizi lakini nyasi ni nyingi, maziwa yapo, na Mzee wako kifua kinambana asubuhi tu.

Kitabu kimefika, jalada limeliwa kidogo na mbuzi wa dereva. Kaaha anatusomea kila siku akitoka shule, baada ya swala ya alasiri. Mzee unamjua, kusoma hajui ila kusikiliza anajua. Anamkatiza mwanawe kila ukurasa: "Hapana, huyo hakuwa chifu bado!" Kaaha anamwambia, "Aabo, nimesoma kilichoandikwa." Yeye anasema, "Basi waliandika wakiwa na njaa." Tulicheka sana siku zile.

Juzi tumefika sura ya saba. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Pale mwisho umeandika kuhusu yule msichana: "Hakucheka tena maishani mwake." Ni nani aliyekwambia hivyo?

Nijibu upesi.

Eddo wako,
Hawo


Nairobi
1 Machi 2024

Eddo,

Assalamu alaykum. Mtoto sasa anatabasamu, anamtambua bibi yake kuliko mimi. Baba yuko sawa, duka limejaa sukari, anajitayarisha kwa Ramadhani.

Swali lako limenichekesha kidogo, usikasirike. Hakuna aliyeniambia. Wewe ulinisimulia vizuri sana mpaka pale msichana anapandishwa ngamia, mama yake anageuka kutazama pembeni, kisha ukanyamaza. Nikakuuliza, baadaye ikawaje? Ukasema, "Akaolewa, basi." Sasa Eddo, msomaji wa watu huwezi kumwachia "akaolewa, basi". Amekufuata kurasa ishirini, anataka kujua yule binti aliishije. Katika vitabu vya aina hii mwandishi anaruhusiwa kukoleza kidogo mahali ambapo habari zimekatika. Na ni sentensi moja tu! Ndiyo watu wanayoinukuu. Kuna kijana ameiandika kwenye fulana.

Halafu yule msichana, kama aliwahi kuwepo, si atakuwa alishafariki zamani? Hawezi kunidai.

Wanachapa tena. Na kuna habari nyingine njema, lakini nisiitangulie.

Abdisamad


Hulugho
20 Machi 2024

Abdisamad,

Salaam, na Ramadhani njema. Kaaha anakusalimia. Mvua hatujaiona tena.

Msichana hajafa. Msichana ni mimi.

Usiruke. Kaa usome. Shurie, aliyeuawa pale kisimani, alikuwa ndugu yake Warsame, baba mmoja mama mmoja. Aliyemuua alikuwa binamu yetu mimi na baba yako. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Garissa, nimekuja nyumbani kwa likizo, nikasikia nimetolewa. Ndivyo nilivyoingia katika nyumba hii.

Na wewe umelelewa mjini, hukufundishwa sheria yake. Binti akitolewa kumaliza damu, wazee wa pande zote mbili wanaapa: tangu siku anapovuka ua ule, halisemwi tena alivyokuja. Mume hasemi. Mke hasemi. Watoto hawaambiwi. Anakuwa mke kama mke mwingine yeyote, na atakayelitaja ndiye anayefungua damu upya. Miaka arobaini na zaidi mimi na Warsame hatujalitaja, hata siku tunagombana. Nilipokusimulia kama kisa cha mwingine nilijiambia sijavunja neno. Nilitaka tu mtu mmoja aliyesoma alijue. Basi, ujinga wangu huo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kaaha aliposoma sentensi yako Mzee aliinuka, akachukua fimbo, akaenda kwa ngamia, na hakurudi kula. Kaaha akanitazama, nikatazama sufuria. Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, aliuvunja ukimya. Aliniuliza, "Hawo, kule kucheka kwako kote, ulikuwa unanituliza?"

Nikamwambia hapana, wallahi, huyo mtoto amebuni, mimi sikusema hivyo! Unajua alinijibu nini? "Wewe uliletwa hapa kutunza amani. Ungesema nini kingine?"

Unaona nilivyonaswa? Nikikana, ndiyo kazi niliyotumwa. Nikinyamaza, nimekubali. Mimi nimempenda mtu huyu, Abdisamad. Si mwanzo. Mwanzo nilimchukia kwa moyo wangu wote. Lakini mtu anakuchekesha mwaka hadi mwaka, utamchukia mpaka lini?

Neno langu halifai kwake sasa. Lako litafaa. Njoo Hulugho uketi mbele yake useme kwa kinywa chako kwamba uliitunga wewe. Hilo tu. Baba yako usimwambie, maana ukoo wetu ukisikia haya yatakuwa mengine.

Hawo


Nairobi
14 Aprili 2024

Eddo wangu,

Idd mubarak, ingawa naona haya kukuandikia neno la furaha. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni. Mke wangu aliniuliza nani amekufa.

Nisamehe. Sikujua. Najua kutojua si kisingizio kwa mtu anayejiita mwandishi wa historia. Kila nikiitazama ile sentensi nataka kuikwangua kwa kisu. Niliiandika mkahawani, ikanijia haraka, nikafurahi nayo siku nzima.

Nitakuja, inshallah. Ila habari niliyokuwa nakuficha ndiyo hii: kitabu kimeteuliwa kushindania tuzo ya vitabu vya historia kwa wasomaji wa kawaida. Majaji wanasoma sasa hivi, na mimi naitwa huku na huku kuzungumza. Kwa wakati huu nimemwandikia Mzee karatasi moja, iko ndani ya bahasha hii. Kaaha amsomee. Nadhani itatosha kumtuliza moyo.

Abdisamad


Hulugho
10 Mei 2024

Abdisamad,

Waalaykum salaam. Mvua imenyesha, barabara ni matope, barua hii itakufika ikifika. Kaaha alikuwa na homa, amepona.

Karatasi yako ilisomwa. Umeandika: "Huenda baadhi ya maneno yalikolezwa wakati wa uhariri." Mzee akauliza, "Uhariri ni mtoto wa nani?" Kaaha akamweleza. Akafikiri sana, kisha akasema, "Kijana ana adabu. Anamficha shangazi yake." Umeona ulichofanya? Sikukuomba huenda. Nilikuomba useme "mimi".

Sasa nakwambia jambo zito. Mwezi wa Shawwal ulipopita katikati, Warsame aliita mashahidi wawili akanipa talaka. Moja. Hakunifokea wala hakunisingizia kitu. Alisema, mbele yao, kwamba hataki kufa akiwa na mfungwa ndani ya nyumba yake. Akanipa ngamia wangu na wana wao. Analia, mimi nalia, na mashahidi wanatazama viatu vyao. Anadhani ananitendea wema! Mtu mzima yule, amenipenda mpaka ameniacha.

Nipo kwenye eda hapa hapa nyumbani kwake kama sheria inavyotaka. Eda haijaisha, anaweza kunirejea kwa neno moja tu, bila mahari, bila wazee. Lakini hatalisema neno hilo mpaka ausikie ukweli kwa mtu asiye mimi. Eda yangu inaisha Muharram ikipita katikati. Hesabu kwa mwezi wa juu, si kwa kalenda ya ukutani. Njoo kabla yake. Sijakuomba kitu kingine tangu uzaliwe.

Hawo


Nairobi
2 Juni 2024

Eddo Hawo,

Assalamu alaykum. Mtoto anakaa sasa. Sijui kwa nini nakwambia hilo.

Nitakuwa mkweli kwako maana nimechoka kuwa vingine. Ningeweza kupanda gari kesho. Naogopa. Nikisema mbele ya wazee kwamba niliitunga, litafika Garissa siku hiyo hiyo, na kutoka Garissa litafika kwa majaji. Watasema: kama alibuni sentensi hii, nyingine ngapi? Na nitawajibu nini? Kuna nyingine, Eddo. Si mbaya, lakini zipo. Miaka mitano ya kazi yangu imo humo, na watu wetu kwa mara ya kwanza wanasomwa na nchi nzima.

Sherehe ya tuzo ni tarehe 27 Julai. Nimehesabu eda yako: barua yako ni ya tarehe kumi Mei, kwa hiyo miezi mitatu inaishia tarehe kumi Agosti. Tarehe 28 Julai alfajiri nitakuwa kwenye gari. Nitamwambia Mzee kila kitu, mbele ya yeyote anayetaka kusikia. Nivumilie mpaka hapo tu.

Abdisamad


Iftin, Garissa
29 Julai 2024

Abdisamad,

Salaam. Niko kwa baba yako. Amenipa chumba cha nyuma, kile ulichokuwa ukilala wewe.

Talaka nilipewa Shawwal, nilikuandikia. Eda inahesabiwa tangu siku ya talaka, si tangu siku mwanamke alipopata karatasi ya kuandika barua. Hata mtoto wa madrasa anajua. Wewe unayewaandikia watu tarehe za vita, hesabu hii ikakushinda? Eda imeisha Alhamisi iliyopita. Warsame alinisindikiza mpaka kwenye lori, akanibebea mkeka wangu mwenyewe, akakohoa, akarudi. Kama ungekuwepo hata siku moja kabla.

Hapa Garissa simu inashika. Usinipigie. Sitaki kusikia sauti yako kwa sasa, nisije nikasema ambalo halifutiki. Baba yako ameambiwa kwamba nimekuja kutibiwa macho.

Hawo


Hulugho
4 Agosti 2024

Eddo wangu,

Assalamu alaykum. Naandika nikiwa kwenye mkeka wa Mzee Warsame. Kama umeniandikia, barua sijaipata, ila Kaaha ameniambia yote nilipofika. Tuzo sikupata, na sijali. Nilipita Garissa bila kusimama, nikidhani wewe uko huku. Ulikuwa mita chache kutoka barabarani.

Nimemwambia, Eddo. Jana baada ya swala ya alasiri, wazee wa pande zote wakiwepo, Kaaha akiwa nyuma ya pazia. Nilisema: mimi Abdisamad mwana wa Adow, sentensi ile niliitunga mwenyewe, shangazi yangu hakuitamka, sikumuuliza kama alicheka au hakucheka, nilitaka kitabu kiuzwe. Mzee akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia, sikio langu la kushoto halijasikia." Nikarudia tena, na safari hiyo nilikuwa ninalia.

Nilidhani atanipiga kwa ile fimbo, na ningeshukuru. Badala yake akaanza kutusimulia siku uliyomkamua ngamia wa jirani kwa makosa ukadai kwamba ngamia ndiye aliyekosea ua. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na Kaaha akaleta maji. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa anacheka kweli."

Eda imepita, kwa hiyo inabidi nikaha mpya. Wazee wamekubali kuja Garissa Ijumaa ijayo, Mzee akipata nafuu ya kifua, na mimi nimebaki ili nisafiri naye. Lakini amenituma nikuandikie kabla, barua iende na lori la mbuzi leo leo. Maneno yake ni haya, na safari hii sijaongeza hata moja: "Mwambie Hawo kwamba mara ya kwanza waliulizwa baba zake. Mara hii wasiulizwe. Aulizwe yeye. Je, anataka kuwa mke wangu? Akisema hapana, ngamia ni wake vilevile, na hakuna atakayemlaumu."

Nakuomba unijibu, hata kama hutaki kunisamehe. Jibu lipe lori lolote.

Abdisamad


Iftin, Garissa
21 Agosti 2024

Abdisamad,

Salaam aleykum. Baba yako mzima, amejua yote sasa na amenyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Mtoto wako nimeuona mdomo wake kwenye simu ya baba yako, ni mdomo wetu.

Lori la mbuzi liliharibika njiani, likakaa likingoja kipuri. Habari ya kifo ilikuwa nyepesi kuliko barua: mtu alipanda pikipiki mpaka panaposhika mtandao, akampigia baba yako kwamba Warsame kifua kimemzidi usiku wa kuamkia Ijumaa na wameshamzika. Nikapanda gari la kwanza. Niliwahi tazia tu, pole za baada ya mazishi.

Uliniona kule. Wewe ulikuwa upande wa wanaume, ukanyanyua mkono, ukanitazama kama mtu anayengoja kitu. Nilidhani unangoja nikusamehe, nikageuza uso. Sikujua kwamba unangoja jibu, maana wote mlidhani barua imenifika. Mwanamke mmoja alikuja na nguo nyeupe ya mjane, akasimama katikati ya chumba akatafuta wa kumpa, kisha akakumbuka, akaikunja. Nikaonyeshwa pa kukaa na wageni. Binti yangu mwenyewe alinitilia chai kama anayomtilia mtu aliyetoka mbali. Nyumba ile niliipaka udongo kwa mikono yangu, Abdisamad, na sikuwa na haki ya kulia kwa sauti. Asubuhi nikarudi na gari lile lile.

Barua yako imefika dukani juzi, inanuka mbuzi. Nimeisoma. Nimempa baba yako anisomee, kisha nikaisoma tena mwenyewe.

Nilikukasirikia na bado nimekukasirikia, sitakudanganya. Umechelewa kwa sababu ya sherehe, na hakuna dua itakayolibadilisha hilo. Lakini ulisema "mimi" mbele ya watu, na yeye akalisikia kwa masikio yote mawili, akacheka. Hilo nimelipokea, nalala nalo.

Lililobaki ni swali. Mtu mzima kama mimi, tangu nizaliwe hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza kama nataka. Nimeulizwa sasa, na sijui jibu nimpelekee nani. Kwa kuwa wewe ndiye uliyetumwa kuuliza, nakujibu wewe.

Ndiyo. Nataka. Mwambie nimekubali.

Eddo wako,
Hawo